UZI: Hukumu ya Holaria ilitoka hapa hapa Mwanza mwaka 1990. Mbona dada yangu alifungiwa mlango?

MwalimuIgoma (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye bando dogo aujie usiku.

Nimefundisha Uraia, kidato cha kwanza mpaka cha nne, kwa miaka 22, shule tatu tofauti humu Mwanza. Kila mwaka naandika ubaoni maana ya utu wa mtu, kwa Kiingereza kwa sababu sekondari somo linafundishwa kwa Kiingereza, na watoto wananakili. Mtihani ukija: taja na ueleze haki tano za binadamu. Wanazitaja. Wanapata A. Mkuu wa shule ananipongeza kwenye kikao, tunakunywa soda, mwaka unaisha.

Mwaka juzi shemeji yangu, mume wa dada, alifariki. Mji wao uko Kisesa, kwa msiopajua ni barabara ya Magu na Musoma, jirani na makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Wakati wanajenga kulikuwa mihogo na vichaka. Leo hatua ishirini kwa ishirini watu wanaigombania kama mpira wa kona. Matanga yalianuliwa siku ya nne. Siku ya tisa dada anarudi kutoka gulioni, anakuta kufuli jipya mlangoni.

Ndugu wa marehemu hakumtukana. Alimwambia kwa upole kabisa: "Shemeji, hii ni mali ya ukoo. Wewe utatunzwa na watoto wako." Mtoto mkubwa alikuwa darasa la sita.

Tukaenda ofisi moja ya umma, sitaitaja. Palikuwa na viti viwili vya wageni. Kimoja akakalia yule ndugu wa marehemu, kingine kikawekewa mafaili. Dada akasimama mlangoni karibu saa nzima, anaulizwa maswali kama aliyeshikwa na kuku wa watu. Na mimi nimesimama pembeni yake, mwalimu mzima, sina la kusema zaidi ya "mheshimiwa, tunaomba utusaidie".

Usiku nikafungua Katiba. Ibara ya 12(2): "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Hiyo nimeisomesha mara ngapi? Ila sikuwahi kumfundisha mtoto hata mmoja kwamba ukiwa umesimama mlangoni na faili limekalia kiti chako, ibara hiyo unaipeleka wapi, kwa nani, kwa karatasi gani.

Ndipo msaidizi wa kisheria mmoja wa kata jirani akanipa kopi ya hukumu iliyochakaa. Nawasimulia kwa kifupi, maana wengi tunapita mbele ya jengo la Mahakama Kuu na hatujui kilichoamuliwa mle ndani.

Muleba, Kagera, kulikuwa na mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Akazeeka, hana wa kumtunza, akaliuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Tarehe 25, yaani kesho yake tu, mpwa wake kakimbilia Mahakama ya Mwanzo Kashasha: kwa mila zetu mwanamke anaweza kula matunda ya shamba la ukoo, kuliuza hawezi. Na hakuwa anabuni. Mila hiyo imeandikwa kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akamkatalia: haki za binadamu zimo kwenye Katiba tangu 1984, mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele yake, Holaria ana haki ya kuuza sawasawa na mwanaume yeyote wa ukoo wake.

1990! Mimi mwenyewe nilikuwa shule ya msingi. Hukumu imekaa mjini kwetu miaka yote hiyo na kwenye notisi zangu haikuwahi kuingia.

Likizo ya Juni nikaitafsiri kwa mkono kwenye daftari kubwa, nikamsomea dada. Nilipofika kwenye "tarehe 25, kesho yake tu" dada akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza anacheka tangu msiba.

Nitaeleza kesi yake iliishaje. Kwanza nataka kusikia kwenu. Ukoo kwenu unafanyaje, na shule ilikufundisha nini cha kukusaidia?

---

Bwana Makoroboi

Mwalimu, mimi ni mmoja wa wale waliopata A ya kunakili. Naweza kutaja haki tano mpaka kesho asubuhi, ila mgambo akishika meza yangu ya viatu nasahau zote nabaki na "bosi nisamehe". Nimekaa na karanga zangu, endeleeni.

---

Mzee wa Ngudu

Mwalimu, pole kwa msiba. Nimesoma kwa makini, ruhusu mzee aseme upande wa pili, maana humu vijana mkiona neno mila mnarukia.

Baba yangu alifariki 1974. Mama hakufukuzwa. Baba wadogo walilima shamba lake kabla ya kulima ya kwao, na ng'ombe wa kukamua alipelekewa mpaka alipozeeka. Ukoo ulikuwa ndio bima, ndio benki, ndio polisi. Ardhi ilizuiliwa isiuzwe ili watoto wasije kuwa vibarua kwenye shamba la babu yao. Leo mjane anapewa hati, anaolewa tena mwaka ujao, mume mpya anauza, watoto wa marehemu wanaishia kulala mwaloni Kirumba kwenye nyavu. Hao nao wana utu au hawana? Jaji aliyekaa Mwanza mjini hawezi kuona hayo.

---

MwalimuIgoma

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako naiheshimu, na kuhusu 1974 nakuamini, mama yangu mzazi naye alitunzwa hivyo hivyo huko Misungwi.

Ila angalia kilichobadilika. Yule ndugu wa marehemu hakuja na ng'ombe wa kukamua. Alikuja na dalali. Wiki ya pili baada ya matanga kulikuwa na vijana wanapima uwanja wa dada kwa hatua, mmoja ana chokaa mkononi. Mila ilikuwa na kamba mbili: ukoo unashika ardhi, na ukoo unamlisha mjane. Ya kwanza wameikaza baada ya viwanja vya Kisesa kupanda bei. Ya pili sijui waliiachia lini, na hakuna kikao kilichoitishwa kuijadili. Ungekuwa baba mdogo wa wapwa zangu, mzee, nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Kuhusu watoto umesema kweli, na ndiyo maana dada hakuomba apewe vyote. Aliomba mlango ufunguliwe na watoto waandikwe.

---

MtuWaRufaa

Mwalimu, hongera kwa daftari. Naomba nirekebishe jambo moja kabla watu hawajaenda nalo mahakamani likawaangusha.

Kesi ya Holaria ni ya binti na kuuza ardhi ya ukoo. Sio ya mjane. Kwa mjane kanuni zile zile za 1963 zina kipengele kingine, kinachosema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Soma tena maneno ya yule ndugu wa marehemu mlangoni. Inawezekana hajawahi kuliona tangazo hilo maishani mwake, lakini alikuwa analinukuu karibu neno kwa neno. Kanuni hizo hizo zinampa mtoto wa kiume wa kwanza fungu kubwa, wanaume wengine wanafuata, mabinti ndio daraja la tatu.

Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walikwenda kuzipinga Mahakama Kuu Dar es Salaam. Mwaka 2006 jaji akakubali kwamba ni za kibaguzi, lakini akakataa kuzifuta, akihofia kwamba akigusa mila moja, nyingine zote zitapangiwa foleni mahakamani. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa kwa kasoro ya hati, bila kugusa kiini. Wakapeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia 1985. Mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imewakosea wanawake wale, iwalipe fidia na irekebishe sheria. Jaji wa Mwanza alikuwa ameutumia mkataba huo huo mwaka 1990.

Kwa hiyo anayekwenda mahakamani kwa ajili ya mjane asiende na Holaria peke yake. Aende pia na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayobatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu ardhi. Na hoja ya kwanza kabisa iwe hii: kabla hamjagawa mali ya marehemu, tuambieni ipi ni ya marehemu na ipi ni ya mjane mwenyewe. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983 Mahakama ya Rufani inakubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa talaka, sio kifo, msije mkasema nimewadanganya. Lakini hoja inabebeka.

---

MwalimuIgoma

Nimekosolewa, nimekubali. Kichwa cha uzi nakiacha hivyo hivyo ili kosa langu lionekane. Ndivyo nilivyokuwa nawafundisha watoto pia: jina la haki nalijua, mipaka yake siijui.

---

Bukerebe

Mimi niko Nansio. Kuna kitu mwalimu amekipita haraka. Hukumu ya Holaria imeandikwa kwa Kiingereza! Mwanamke kashinda kesi, na karatasi ya ushindi wake hawezi kuisoma. Sasa utaniambia elimu ya utu inaanzia wapi?

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 ndiyo yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Na kabla hayajapita, ng'ambo yetu hapa Musoma Jaji Zephrine Galeba alikuwa ameshaandika uamuzi wake kwa Kiswahili kwenye shauri lililohusu mgodi wa North Mara. Rais Magufuli alimsifu siku ya Sheria, Februari 2021, akampandisha Mahakama ya Rufani. Watu walibishana sana mitandaoni kama Kiswahili kina misamiati ya kutosha. Bibi yangu alisema jambo moja tu: wakati wananihukumu walikuwa na misamiati ya kutosha.

Mwalimu, hilo daftari piga picha, tuwekee.

---

KijanaNyegezi

Naandika hapa kwa sababu hakuna anayenijua.

Mimi ndiye yule ndugu wa marehemu. Sio wa dada yake mwalimu, wa familia nyingine, ila ndiye huyo huyo. Kaka alifariki nikiwa na miaka 26, ukoo ukakaa, wakasema wewe ndiye umesoma, utakuwa msimamizi wa mirathi. Tukaenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao, nikapewa fomu, nikatoka na karatasi yenye muhuri. Kuanzia siku hiyo kila mtu nyumbani ananiita mwenye mji. Nami nikaamini. Niliuza pikipiki ya kaka nikalipia ada yangu ya chuo, nikasema moyoni kwani si ni mali yetu.

Shemeji hakusema kitu. Alikuwa ananitengea chakula kama kawaida, ila aliacha kuniita kwa jina, akawa ananiita "msimamizi". Nilidhani ni heshima. Ilinichukua kama mwaka kuelewa.

Hakuna aliyenieleza, sio hakimu, sio karani, sio shule. Karatasi yenyewe niliisoma mstari wa jina langu tu.

---

MtuWaRufaa

Kijana, umeandika jambo ambalo wengi wanalikwepa. Msimamizi sio mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, halafu kuondoka. Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo zinamtaka apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe. Asipofanya hivyo, mjane au mrithi yeyote anaweza kuomba aondolewe. Hesabu ya pikipiki bado unaweza kuipeleka. Mahakama humtazama kwa jicho tofauti anayekuja mwenyewe kuliko anayeitwa.

---

MwalimuIgoma

KijanaNyegezi, umenifungulia njia ya kueleza iliyobaki.

Dada tulimkuta ameshaandikwa. Ndugu wa marehemu alikwenda mahakamani kabla yetu na muhtasari wa kikao cha ukoo, na kwenye orodha ya waliohudhuria kuna jina la dada na saini yake. Tarehe ile dada alikuwa amelazwa na mtoto wodini, karatasi za hospitali tunazo. Na dada hana saini, anaweka dole gumba. Tukapeleka pingamizi.

Ilichukua miezi 14. Mara hakimu yuko likizo, mara faili halionekani, mara upande wa pili hawajafika. Nauli za Kisesa zilinitoa jasho. Hatimaye uteuzi ulitenguliwa, dada akateuliwa yeye pamoja na baba mdogo mmoja wa marehemu, mtu mwema. Mlango ukafunguliwa. Ng'ombe 11 wa marehemu hawakuonekana mpaka leo, na sidhani kama wataonekana. Shamba la mpunga limeandikwa kwa majina ya watoto.

Sasa sikieni ninachokitaka, na ni kidogo mno. Sheria ya 1963 ifutwe, ndiyo, wabunge wetu wapo, wasikie. Lakini tukisubiri hiyo tutazeeka. Ninachotaka kiko kwenye uwezo wa mtendaji yeyote hata kesho asubuhi: muhtasari wa kikao cha ukoo usipigwe muhuri mpaka mjane amekuja mwenyewe, amekaa, amesomewa kwa lugha anayoisikia, kama ni Kisukuma basi Kisukuma, na ameweka dole lake mbele ya macho yenu. Dakika kumi tu. Kama dada angepewa hizo dakika kumi tusingekaa miezi 14.

Na kwa walimu wenzangu: nilianza kuwapa kidato cha tatu fomu halisi za mirathi wazijaze darasani, kwa familia ya kubuni. Siku ya kwanza wavulana karibu wote walimwandika kaka mkubwa kuwa mmiliki. Wasichana walikuwa wa kwanza kuuliza, "mwalimu, mama tumuandike wapi?" Tulibishana mpaka kengele ikalia na hakuna aliyeondoka. Kwa miaka 22 sijawahi kuona darasa la Uraia likikataa kwenda mapumziko.

---

MamaDagaa

Samahanini wakubwa, mimi sio mwandishi. Niko Igombe naanika dagaa. Mwenzangu amefariki ziwani mwezi uliopita. Tuliishi miaka 9, watoto watatu, hatukufunga ndoa wala mahari hakumaliza. Ndugu zake wametuma ujumbe wanakuja Jumamosi kuchukua mtumbwi na mashine na mabati, wanasema mimi nilikuwa hawara. Je, mimi nimo kwenye hii sheria yenu au simo?

---

MtuWaRufaa

Pole sana mama. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawatambua kama mume na mke, sheria inadhani wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa, kwa hiyo unahitaji mashahidi: majirani, mwenyekiti wa mtaa, mwenzake wa mtumbwini, vyeti vya watoto vyenye jina la baba. Watoto hao wana haki yao hata kama wewe ukipingwa.

Na wakikwambia urithiwe na mdogo wake, kifungu cha 68 kinasema mjane yuko huru kuishi anapotaka na kuolewa na amtakaye au asiolewe kabisa.

---

MwalimuIgoma

Mama, usitoke ndani ya nyumba. Ijumaa asubuhi nenda kwa mwenyekiti wako wa mtaa umweleze kwa mdomo na aandike. Halafu tukutane Mahakama ya Mwanzo, mimi nitakuja na yule msaidizi wa kisheria, yeye halipwi na wewe, hata Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua. Njoo na cheti cha kifo, vyeti vya watoto, na mtu mmoja aliyewafahamu tangu mwanzo. Mtumbwi una namba ya usajili? Iandike.

---

Mzee wa Ngudu

Mwanangu wa Igombe, hao wakwe zako ni wa wapi? Mahari iliyobaki ni ng'ombe wangapi?

---

MamaDagaa

Shikamoo baba. Ni wa Kwimba, kwenu huko. Walibaki watatu.

---

Mzee wa Ngudu

Basi hao nitawatafuta leo jioni. Mwalimu asidhani nimehama upande, bado nasema jaji hajui ng'ombe. Lakini aliyetoa ng'ombe kadhaa za mahari na kubakiza tatu hawezi kusema hakuoa. Kwa mila, huyo ni mke. Wakija Jumamosi watanikuta.

---

Bwana Makoroboi

Mzee wabeja sana! Karanga zimeniishia.

---

MamaDagaa

Mwalimu, leo Ijumaa, nipo hapa mahakamani tangu saa mbili. Mwenyekiti ameandika. Karani anasema cheti cha kifo na vyeti vya watoto jina la baba halifanani, kimoja kina herufi moja zaidi, anasema nirudi wiki ijayo. Nirudi?

---

MwalimuIgoma

Usirudi. Mwambie karani unasubiri kumwona hakimu. Niko kwenye daladala, nimefika Kona ya Bwiru. Kaa.